Pamanenti ni Nini? Miaka Yangu Kwenye Fremu za Mbao

Siku ile ya soda na keki mliponiaga, vijana, mliniuliza ni nani atawapigia kelele karakanani nikishaondoka. Nitawapigia kutoka huku nyumbani, kwa kalamu. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hivyo msitafute koma mahali pake. Mjukuu wangu Shiru amenisomea nikisikiliza, akaniambia, "Shosho, hapa umetukana." Nikamwambia apaache vilevile, na anyooshe mgongo anaposoma. Huyo ndiye aliyewaambia wenzake shuleni kwamba nyanya yake anajenga nyumba, wakakataa, akawaleta mpaka lango la karakana wanione na msumeno mkononi. Kichwa changu hakijarudi ukubwa wake wa kawaida tangu siku hiyo.

Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Hayo muulizeni mwenye karakana, na mkimpata akiwa na njaa hatawajibu. Nataka kuandika habari za nyumba za mbao, kwa sababu nimezijenga mpaka magoti yakagoma. Na bado nikipita barabarani naona watu wakitetemeka mwezi wa saba ndani ya nyumba zao za mawe, wamevaa majaketi mezani, halafu wanasema nyumba ya mbao ni ya maskini.

Nilianza kama kibarua katika yadi ya mbao hapo mtaa wa Satellite. Kazi ilikuwa kupakua lori na kupanga mbao. Wanawake waliozoeleka pale walikuwa wa kuuza chai mlangoni, kwa hivyo asubuhi ya kwanza mwanamume mmoja aliniuliza, "Mama, thermos iko wapi?" Nikamwambia chai akanywe kwao, sasa anipishe. Nilibeba mbao mpaka bega likachubuka. Jioni nikaenda nyumbani nikilalia upande mmoja kama meza iliyovunjika mguu, na kesho yake nikarudi. Hakuna aliyeniuliza tena habari ya chai.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Wekesa, mtu wa kutoka mkoa wa Magharibi, mrefu, mnyamavu, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Siku moja alinipa mbao moja akasema, "Iangalie."

"Nimeiangalia."

"Umeiona. Mimi nimesema uiangalie."

Akanionyesha. Unaweka ncha ya ubao karibu na shavu, unafunga jicho moja, unatazama ukingo wote mpaka mwisho, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Hapo ndipo unaona kama umepinda, umejikunja, ama umejinyonga kama kamba. Ukiutazama ukiwa chini, kila ubao ni mzuri. Wekesa alisema mbao ni kama watu wa kanisani, zote zinasimama wima mpaka mvua inyeshe. Alinifunza kuzinusa, maana mbao mbichi ina harufu ya maji na iliyokauka ina harufu ya utomvu. Alinifunza kuzigonga na kifundo cha kidole na kusikiliza. Na jambo moja alilirudia kila msimu wa mvua, hata nilipokuwa nimelisikia mpaka nimechoka: mbao haisumbuliwi na kulowa, inasumbuliwa na kukosa njia ya kukauka. Nyinyi mnaonunua mita za unyevu zenye taa, sawa, nunueni, hata mimi niliipenda yangu. Lakini nuseni kwanza.

Wekesa aliporudi kwao, mimi nilikuwa tayari nimehamia karakana yetu, ambako mwenye karakana alikuwa ameanza kutengeneza nyumba za fremu. Siku yangu ya kwanza pale nilicheka wazi. Nilikuta ukuta umelala juu ya meza. Ukuta mzima! Nguzo zimepangwa kwa nafasi sawa, mbao ya chini, mbao ya juu, vipande vya kukaza katikati, na matundu ya nyaya yameshatobolewa. Mimi ukuta nilioujua ulizaliwa ukiwa umesimama, jiwe kwa jiwe, fundi akila mandazi katikati. Huu ulizaliwa umelala, chini ya paa, mahali pakavu. Ukapakiwa kwenye lori na kusimamishwa mahali pake kabla ya chakula cha mchana. Nikaacha kucheka.

Injinia wetu alikuwa msichana anayeitwa Mwende. Yeye alikuwa na hesabu, mimi nilikuwa na pua, na tulielewana tangu wiki ya kwanza. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ukuta wa fremu ni kama nguo za baridi. Kuna ngozi ya ndani, ndizo zile bodi za jipsamu. Kuna sweta, ndiyo pamba ya kuzuia baridi tunayojaza kati ya nguzo. Kuna jaketi jepesi la kuzuia maji lakini linaloruhusu mvuke utoke. Halafu nje kabisa ni mbao za kupokea mvua, na nyuma yake kuna pengo, hewa inaingia chini na kutokea juu. Hilo pengo ndilo pua ya nyumba. Alipomaliza nikamsimulia habari za fundi wangu, nikamwambia, "Kumbe Wekesa alikuwa injinia." Akasema, "Inawezekana mimi ndiye Wekesa mwenye karatasi." Nilimpenda hapo hapo.

Nyumba ya kwanza niliyoisimamia ilikuwa mtaa wa Muthangari, kwa mama mmoja aliyetaka kumjengea binti yake nyumba ndogo nyuma ya bustani. Katikati ya bustani kulikuwa na mjakaranda mkubwa, naye alisema mti ukiguswa kazi imekwisha. Mafundi wa mawe walikuwa wamemwambia akate, maana msingi wa mawe unataka mtaro, na mtaro unataka mizizi iondoke. Sisi tuliweka nguzo fupi za zege hapa na pale, tukakwepa mizizi, nyumba ikakaa juu ya nguzo kama mtu aliyekunja sketi asichafuke. Hatukuleta mlima wa mchanga wala mlima wa kokoto. Jirani hakuja kulalamika vumbi. Alikuja kuomba namba ya simu.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na mjengo wa mawe, na mafundi wake hawakutuacha tupumue. Wakiwa juu ya jukwaa walipiga kelele, "Shosh! Hiyo kiberiti yenu mnamaliza lini? Tunataka kuwasha sigara!"

"Malizeni ukuta kwanza," nikawajibu. "Sisi tunaweka mapazia."

Na kwa kweli tuliweka mapazia wao wakiwa bado kwenye dirisha. Lakini hilo la kiberiti mtaulizwa maisha yenu yote, kwa hivyo msijibu kwa mzaha tu. Msimdanganye mtu kwamba mbao haiungui. Inaungua. Ila nguzo nene inaungua kutoka nje, polepole, na lile kaa jeusi linakinga moyo wake, na ndani kuna jipsamu inayozuia moto usiifikie haraka. Mwambieni mtu hivyo, halafu mwonyesheni mahali pa kupitishia nyaya vizuri. Nimeona nyumba za mawe zilizoungua zikabaki kuta nne, na watu hawakuweza kulala kwenye kuta tupu.

Sasa kesi ngumu. Hii ndiyo sababu ya kuchukua kalamu.

Mama Njeri alikuja karakanani akiwa na matope mpaka kwenye goti. Ni mjane, ana nyumba huko Satellite upande ambao ardhi inateremka kwenda mtoni. Marehemu mumewe aliijenga kwa mawe, na chumba cha nyuma akakichimba ndani ya mteremko. Kila mvua ikinyesha, maji yalipenya ukutani, rangi ikavimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji moto. Chumba hicho ndicho alicholala mama yake mzazi, bibi tuliyemwita Cucu Wangari, na kifua chake kilikuwa kibovu. Wakati huo Cucu alikuwa amelazwa hospitali kule Upper Hill. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: mkimrudisha mama huyu kwenye chumba kile chenye unyevu, mtamleta hapa tena, na mara hiyo sijui kama mtaondoka naye.

Pengine pa kumpeleka hapakuwepo. Kaka yake Mama Njeri, anayeitwa Gitau, alikuwa akiishi kwenye fleti, ghorofa ya juu kabisa, lifti yenyewe ikiwa hadithi. Vyumba vingine vya Mama Njeri vilikuwa vimejaa watoto na wapangaji. Alitaka chumba juu ya nyumba yake, mahali ambapo barabara ya nyuma ilikuwa sawa na paa, ili mama yake aingie bila kupanda ngazi hata moja. Na alikitaka kabla mama hajaruhusiwa kutoka hospitali.

Mwende alikwenda akachunguza msingi, akagonga kuta, akachimba pembeni kidogo. Akarudi akiwa amekunja uso. "Shosh, tukiongeza mawe hapo juu, chini kutapasuka. Huyu marehemu alijenga nyumba ya kubeba paa tu. Mbao peke yake ndiyo itakaa."

Nikamweleza Mama Njeri. Akagonga ukuta wa mfano tulioweka pale ofisini. Ko, ko. Akauliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza habari za ugonjwa, "Lakini hiyo si pamanenti, ama?"

Mnalijua hilo neno. Kwetu nyumba ya mawe inaitwa pamanenti. Ya mbao inaitwa temporari, na ukihurumiwa inaitwa semi-pamanenti. Mimi nimeona nyumba pamanenti ikichorwa alama nyekundu ya X ukutani na kubomolewa kabla ya saa ya chai. Nimeona mbao za reli ya zamani zikivuliwa zikiwa nzima kuliko meno yangu. Lakini huwezi kubishana na neno ambalo mtu amelikuta nyumbani kwao. Nikamwambia Mama Njeri, "Nitakujengea chumba kikavu. Jina utakipa mwenyewe."

Akakubali. Aliyekataa ni Gitau.

Alitukuta tukipima, akiwa na tai na viatu vya ofisi, anakanyaga matope kama paka. "Nani ameruhusu hii banda?"

"Ni mimi," Mama Njeri akasema. "Na si banda."

"Watu watasema aje? Gitau ako na kazi mjini, mama yake analala kwa mbao kama kuku."

"Kuku wa kwenu walikuwa na bahati," nikasema. Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Alinigeukia, na sikuona kiburi machoni mwake, niliona kitu kingine.

"Shosh, unajua nyumba ya mbao wewe? Mimi nimezaliwa ndani yake. Mabanzi ya kuokota, na magazeti ukutani, tunabandika na uji wa unga. Upepo ulikuwa unayasoma yale magazeti kabla yetu. Mama alikuwa anaamka kutufunika na leso yake, yeye anabaki hivyo tu. Hicho kifua unachosikia kikitajwa kilianzia huko. Niliapa nikipata kazi mama yangu hatalala kwa mbao tena. Niliapa."

Hata mimi nimelala kwenye nyumba ya aina hiyo, nami nimeyasoma magazeti hayo. Dada yake alimshika mkono akamwambia, "Gitau, daktari hajasema mawe. Amesema pakavu." Gitau akaondoka bila kuaga.

Tukajenga. Kuta zilizaliwa karakanani mvua ikinyesha nje bila kutusumbua. Siku ya kuzisimamisha majirani walitoka na vigoda vyao wakakaa kutazama kama harusi. Tuliuinua ukuta wa kwanza kwa mikono, tukaushikilia, tukapima wima, tukafunga. Kufikia saa ya watoto kutoka shule, chumba kilikuwa na sura, na mtoto mmoja aliyepita asubuhi alisimama akaangalia juu, akaangalia chini, akamuuliza mama yake kama ile nyumba imeshuka kutoka mbinguni. Tuliweka paa, pamba, jaketi, na mbao za nje zenye pengo lake. Kidaraja kifupi kikaunganisha mlango na barabara ya nyuma. Nikawaacha vijana wamalizie rangi ya ndani, nikaenda Muthangari kwa kazi nyingine.

Niliporudi baada ya wiki chache nilidhani nimepotea njia. Chumba changu kilikuwa kimegeuka jiwe. Kilikuwa kimefungwa waya wa kuku pande tatu, kikapigwa plasta ya saruji, na juu ya plasta kumechorwa mistari mizuri kabisa, jiwe baada ya jiwe, mpaka na rangi ya kijivu. Fundi wa plasta alikuwa amekaa kwenye ndoo akipumzika, uso wote furaha.

"Shosh, si imekaa fiti? Mimi mwenyewe nimeichora na bado nikiiona naona mawe."

"Nani amekutuma?"

"Bwana Gitau. Alisema mama asijue ni mbao."

"Na lile pengo la chini?"

"Nimeziba. Lile la juu pia. Panya wangeingia, si unajua panya wa mtoni?"

Sikumtukana. Hapa ndipo Shiru anasema nilitukana, lakini hayo ni mengine, niliyatoa baadaye. Alikuwa fundi mzuri na alifanya kazi yake vizuri, ndiyo ilikuwa shida. Mama Njeri alikuwa kila siku hospitalini na hakujua. Na tangu fundi huyo aanze kazi ilikuwa imenyesha mvua ya kumwaga, maji yakapenya kwenye nyufa ndogo za saruji, yakaingia nyuma, na hakukuwa na mlango wa kutokea. Nilifungua chumba, nikasimama katikati, nikavuta pumzi. Kilinuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika nyuma ya sinki. Nikachoma mita ukutani, taa ikawaka nyekundu.

Wakati huohuo simu ya Mama Njeri iliingia. Alikuwa analia kwa furaha. "Shosh, wamesema anatoka! Wiki hii!"

Nikamwambia aombe daktari ambakize mama hospitali mpaka Jumatatu ijayo. Halafu nikampigia Gitau, na hapo ndipo maneno yale yalipotoka.

Alikuja mbio. Alisimama akaangalia mawe yake ya kuchora, na nadhani bado alikuwa akiyaona mazuri. "Nimeipatia heshima tu, Shosh. Watu wanapiga plasta kila siku."

"Wanaipiga kwenye mawe. Hii ni mbao, inapumua. Wewe umeivalisha koti la plastiki na kuiziba pua, halafu unataka mama mgonjwa wa kifua alale ndani."

Kusikia neno kifua, akauangalia mlango wa chumba. Nikamkabidhi patasi na nyundo. Alivua tai akaitia mfukoni, akaanza kubomoa heshima yake mwenyewe, vumbi likimjaa nywele. Fundi wa plasta naye alitusaidia, akilalamika kwa kila jiwe linaloanguka, "Hii ndiyo nilichora vizuri kuliko zote." Tulipofungua skrubu za mbao ya chini kabisa, maji yalitoka kama mtoto aliyeshikilia mkojo kanisani. Gitau aliingiza mkono akashika nguzo. Ilikuwa baridi, imelowa, nyeusi.

Nikamzungusha upande wa nne, ambako saruji ilikuwa imeisha kabla hawajafika. Nikafungua ubao mmoja. Mvua ilikuwa imepiga upande huo vilevile. "Weka mkono," nikamwambia.

Akaweka. Nguzo ilikuwa kavu, ina joto la mchana, na harufu ya utomvu ikatoka kama umefungua kabati la nguo safi. Aliuacha mkono humo kwa muda.

"Ni mbao hiyo hiyo?"

"Lori moja."

"Sasa mbona ile nyumba yetu ya utotoni ilikuwa baridi hivyo?"

"Kwenu hamkuwa na ukuta, Gitau. Mlikuwa na makombo ya ubao ambayo mwenye mashine aliyatupa, na mama yenu akayaokota akafanya anachoweza. Hiyo haikuwa nyumba ya mbao. Hiyo ilikuwa mama yenu amesimama mbele ya upepo."

Aligeuka akaangalia mtoni. Kuna wakati fundi anatakiwa kuhesabu skrubu zake na kunyamaza.

Na sasa, vijana, sikilizeni faida ambayo haiandikwi kwenye matangazo. Maji yakiingia ndani ya ukuta wa mawe, utapaka rangi, na utapaka tena, na utakufa bila kujua yanatoka wapi. Ukuta wa fremu unaufungua kama unavyomfungua mtoto vifungo, unaona ugonjwa ulipo, unautibu, unamfunga tena. Tulitoa pamba yote iliyolowa. Tuliacha kuta wazi, jua na upepo vikapita. Mbao moja ya chini ilikuwa imeanza kulainika, tukaikata tukaweka nyingine iliyotiwa dawa. Nguzo zenyewe zilikuwa zimelowa tu, hazikuoza. Kila asubuhi Gitau alipita kabla ya kwenda kazini, akachomeka ile mita mwenyewe, akanisomea kama daktari anayesoma joto. Mapengo tuliyarudisha na kuyawekea wavu mdogo, maana kuhusu panya fundi wa plasta alikuwa amesema kweli. Mwende akaja, akapima kila kona, akaniangalia. Nikanusa. Tukafunga.

Cucu Wangari aliletwa Jumatatu kwa barabara ya nyuma. Alikuwa mdogo kama mtoto wa shule, amefungwa mashuka, anapumua kwa mdomo. Majirani walikuwa wamesimama. Gitau alimshika mkono, na pale kwenye kidaraja, mbele ya mlango, akashindwa kujizuia.

"Mama, nisamehe. Hii ni ya mbao. Lakini ni temporari tu, nipe muda kidogo. Nitakujengea pamanenti."

Cucu alisimama akatafuta pumzi. Alimwangalia mwanawe kuanzia viatu mpaka nywele.

"Gitau."

"Naam, Mama."

"Mimi ni pamanenti?"

Mama Njeri ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika mdomo kwa kitambaa, halafu mwenyewe Cucu akacheka mpaka akakohoa, halafu sote. Gitau alicheka akifuta macho. "Fungua mlango," Cucu akasema, "hapa nje kuna baridi."

Aliingia polepole, akipapasa ukuta kwa kiganja kama anayemtafuta mtu gizani. Akafika pembeni mwa dirisha, akaweka shavu mahali ambapo ubao unakutana na fremu, pale ambapo upepo huwa unapenda kupita. Akasubiri. Akanigeukia.

"Magazeti mmeyaficha wapi?"

"Hakuna, Cucu."

"Na upepo?"

"Tuliuacha nje."

Akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja, akanipa cha pili nimvulie. Hicho ndicho cheti pekee nilichowahi kupewa kazini, na sikioni kidogo.

Hakupona mara moja, msidhani chumba ni dawa. Lakini alilala, na kukohoa kukapungua, na akaanza kutaka kutembea mwenyewe. Tulirudi tukafungua ukuta wa karibu na bafu, tukaweka ubao mzito kati ya nguzo, tukafunga, tukakaza mpini wa kushikia. Kazi ya asubuhi moja, bila nyundo kubwa, bila vumbi la saruji kwenye kifua chake. Alisimamia mwenyewe. Aliniambia niushushe kidogo, nikaushusha, akasema hapo juu palikuwa afadhali. Nikapandisha.

Sitawaficha kasoro. Sakafu ya mbao husema. Ukikanyaga juu, wa chini anasikia, na tusipoweka pamba ya kutosha katikati, anasikia vizuri. Pale kwa Mama Njeri tulikuwa tumefanya haraka na pamba ya sakafuni ilikuwa haba. Nilijua, na iliniuma. Kwa hivyo kabla ya kustaafu nilipakia pamba kwenye gari la karakana nikaenda asubuhi na mapema kuinyamazisha.

Mama Njeri alinikuta mlangoni mwa jiko lake, chini ya chumba kile, akiwa na sufuria mkononi. Aliona mzigo wangu, akauliza ni wa nini. Nikamweleza.

"Usiguse hiyo sakafu, Shosh."

"Inapiga kelele, Mama Njeri. Ni kosa letu, wala hutalipa kitu."

"Nyamaza kidogo," akasema, akainua kidole.

Juu yetu ubao ulilia. Ukatulia. Halafu nyayo, nyepesi, zikaburuzwa kutoka upande wa kitanda. Zikasimama, nikajua ameshika ule mpini. Zikaendelea mpaka dirishani, na hapo zikatulia.

"Akiwa kule chini nyuma ya mawe," Mama Njeri akasema, "nilikuwa naamka kila siku naogopa kufungua mlango wake. Nasimama hapo nje, sisikii kitu. Nasema, leo nitamkuta ama sitamkuta." Aliweka sufuria mekoni, akawasha. "Sasa nasikia ameamka, ndiyo naweka chai."

Nikarudisha pamba kwenye gari.